Daftari la Gesi

Fundi friji anayeijua kazi yake hafungui koki kabla ya kuweka mtungi juu ya mizani. Husoma namba, hufungua polepole, huisikiliza gesi ikipita kwenye mpira, kisha hufunga na kusoma tena. Friji ya nyumbani huhitaji gramu 100 hivi, pengine pungufu. Gesi haina rangi, na jicho haliwezi kusema imeingia kiasi gani. Shahidi ni mizani.

Kila nikimtazama fundi wa namna hiyo namkumbuka Mario Molina, mwana wa Jiji la Mexico aliyezaliwa mwaka 1943. Utotoni aligeuza bafu la nyumbani kuwa maabara, akisaidiwa na shangazi yake Esther, ambaye alikuwa mkemia. Mwaka 1965 alihitimu uhandisi wa kemikali katika chuo kikuu cha taifa, UNAM.

Fani hiyo ina kanuni ambayo mwanafunzi hukutana nayo mapema sana: kilichoingia kwenye mtambo ama kimetoka, ama kimegeuka kitu kingine, ama bado kimo ndani. Jibu la nne hakuna. Ni hekima ile ile ya mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwaka 1973 Molina alijiunga na Sherwood Rowland huko Irvine, California. Kati ya kazi alizopewa achague, alichukua ya gesi za klorofluorokaboni, zilizotumika kwenye majokofu na makopo ya kupuliza. Mwingereza James Lovelock alikuwa ameshazipima angani, hata juu ya Bahari ya Atlantiki, mbali na viwanda. Swali likawa: huishia wapi?

Molina alikagua mlango mmoja baada ya mwingine. Mvua haizioshi, kwa kuwa karibu haziyeyuki majini. Hewa ya huku chini haiziunguzi. Viumbe hawazili. Ulibaki mlango mmoja, juu kabisa kwenye stratosfia, ambako mionzi mikali ya jua huzivunja. Hapo swali lilikuwa limeshajibiwa, na mtu mwingine angefunga jalada. Yeye aliuliza zaidi: zikivunjika, ile klorini inakwenda wapi?

Hapo ndipo ninapouona ufundi wake. Atomi moja ya klorini hunyang'anya ozoni, gesi inayotukinga na mionzi mikali ya jua, atomi moja ya oksijeni. Ikikutana na oksijeni nyingine iliyo peke yake, huiachia ile iliyoibeba, nayo klorini hutoka nzima, tayari kuanza upya. Ozoni imeondoka, klorini ipo vile vile. Mzunguko huo hurudiwa maelfu kwa maelfu ya mara. Hesabu yao ilichapishwa katika jarida la Nature mwezi Juni 1974. Mwaka 1985 watafiti Waingereza wakatangaza kwamba ozoni ya Antaktika ilikuwa ikipungua vibaya kila majira ya kuchipua ya huko. Mwaka 1995 Molina, Rowland na Paul Crutzen walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, ya kudhibiti gesi zinazoharibu ozoni, iliandikwa na wanadiplomasia na wanasheria, lakini ukiisoma utakuta daftari la mhandisi. Matumizi ya nchi huhesabiwa hivi: ilichozalisha, jumlisha ilichoagiza, toa ilichouza nje. Hakuna haja ya kubisha hodi kwenye kila nyumba yenye friji. Gesi huhesabiwa kwenye milango michache ya viwanda na bandari, kisha kiwango hushushwa hatua kwa hatua.

Gesi zilizoshika nafasi ya klorofluorokaboni, za jamii ya HFC, haziidhuru ozoni, lakini hushika joto. Kilo moja ya R-134a, mojawapo ya gesi hizo, katika miaka 100 huipasha dunia joto zaidi kuliko kilo 1,000 za hewa ukaa. Mwaka 2009 Molina na wenzake, akiwemo mwanasheria Mkenya Donald Kaniaru, waliandika makala ya kitaalamu wakishauri itifaki ile ile itumike kupunguza gesi hizo. Oktoba 2016 mataifa yakakutana Rwanda na kupitisha Marekebisho ya Kigali. Yakitekelezwa kikamilifu, yanakadiriwa kuepusha ongezeko la joto la hadi nusu nyuzi ya Selsiasi kufikia mwisho wa karne hii. Molina alifariki Oktoba 2020, katika jiji alilozaliwa.

Namrudia fundi wangu. Friji ikiletwa mbovu, njia ya mkato ni kukata bomba na kuiacha gesi ijiendee. Yeye huivuta kwa mashine, akairudisha mtungini, akapima, akaandika gramu ngapi zimetoka. Kazi hiyo humchukua muda, na mwenye friji haoni tofauti yoyote. Lakini gesi ile anajua iko wapi.