Maji Yalivyowasha Taa za Cragside

Cragside, nyumba ya mawe iliyojengwa kwenye mteremko wenye miamba karibu na mji mdogo wa Rothbury, kaskazini mwa Uingereza, hutajwa mara nyingi kuwa nyumba ya kwanza duniani kupata mwanga wa umeme uliofuliwa kwa maji. Sifa hiyo, hata ikiwa ya haki, hufunika jambo lenye uzito zaidi kiufundi, nalo ni jinsi mwenyewe, William Armstrong, alivyougawa umeme haba aliokuwa nao hata ukatosheleza nyumba kubwa.

Armstrong, aliyezaliwa Newcastle mwaka 1810, alikuwa wakili kabla ya kuanzisha mwaka 1847 kiwanda cha Elswick, kilichounda kwanza winchi za bandarini zilizoendeshwa kwa msukumo wa maji na baadaye mizinga. Mwaka 1863, alipoanza kujenga Cragside ikiwa bado nyumba ndogo ya mapumziko, aliwatahadharisha wanasayansi waliokutana mjini kwao kwamba makaa ya mawe ya Uingereza yangekuja kwisha. Si haba kwa mtu ambaye viwanda vya aina yake ndivyo vilivyoyala makaa hayo. Upanuzi wa nyumba alimkabidhi msanifu Richard Norman Shaw kuanzia mwaka 1869, lakini suala la maji hakumwachia mtu.

Vijito vya eneo hilo vilizuiwa kwa kuta, yakapatikana maziwa, na mwaka 1878 maji ya bwawa la Debdon yakaanza kuzungusha turbaini, yaani gurudumu lenye mapezi, ambayo nayo iliendesha dainamo ya Siemens. Kwa kuwa mahali pa kuangukia maji huamuliwa na ardhi wala si na mwenye nyumba, umeme ulilazimika kusafirishwa kwa nyaya za shaba umbali wa zaidi ya kilomita moja, na sehemu ya nguvu yake ikapotea njiani ikiwa joto. Taa ya kwanza ilikuwa ya tao, ambamo umeme huruka kati ya vijiti viwili vya kaboni: mwanga wake ulikuwa mkali mno, wa kufaa ukumbi wa picha kuliko chumba cha kusomea.

Mwaka 1880 zilifungwa taa za Joseph Swan, ambazo uzi wake mwembamba wa kaboni hung'aa ndani ya chupa ya kioo iliyonyonywa hewa. Zilikuwa taa 45, ilhali zilizoweza kuwaka kwa pamoja ni 37 tu, na hapa ndipo ufundi wa mpango wote ulipo: umeme ulihamishwa kwa swichi kutoka chumba kilichoachwa kwenda kilichoingiwa, kwa vile wakazi wasingeweza kuwa kila mahali kwa wakati mmoja. Hesabu iliyofanywa, kwa hiyo, haikuwa ya ukubwa wa nyumba bali ya mwenendo wa watu ndani yake.

Katika maktaba, taa nne ziliwekwa juu ya vyombo vya shaba vilivyonakshiwa kwa rangi za kioo. Waya uliofunikwa ulipita ndani ya chombo, ncha yake tupu ikazama katika kikombe kidogo cha zebaki kilichokuwa kwenye kitako, na shaba ya chombo chenyewe ikawa njia ya kuurudishia umeme. Aliyetaka kuzima taa alikiinua chombo, na aliyetaka kuiwasha alikirudisha mahali pake. Ni ubunifu wa kupendeza, ingawa zebaki iliyo wazi na shaba yenye umeme inayoshikwa kwa mkono visingepita leo mbele ya mkaguzi yeyote.

Kituo kipya cha kufua umeme cha Burnfoot, cha mwaka 1886, kilifuata kanuni kwamba nguvu ya maji hutokana na wingi wake ukizidishwa kwa kimo cha anguko lake: maji yaliteremshwa kwa bomba kutoka maziwa ya juu, kimo cha zaidi ya mita 100, hata kijito kidogo kikafanya kazi ambayo penye anguko fupi ingehitaji mto.