Watu Watano Chumba Kimoja

Kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga, huku Ufipa, ulitoka Zambia, ukipitia Mbala. Wamambwe na Walungu wako pande zote mbili za mpaka huo, na kusini mwa Mbala kuna Kasama, mji alikozaliwa Emmanuel Chanda mwaka 1951. Alikulia Kitwe, kwenye migodi ya shaba, akaitwa Jagari kwa kumhusudu Mick Jagger. Mwaka 1972 bendi yake, WITCH, ilitoa Introduction, inayotajwa kuwa albamu ya kwanza ya Zambia kuingia sokoni. Haikuwa na kampuni kubwa nyuma yake. Bendi yenyewe iliibeba na kuiuza kwenye maonyesho.

Ukiisikiliza leo, gitaa lenye mkwaruzo linamzidi mwimbaji mara kwa mara. Wapo wanaoona hiyo ni kasoro. Lakini sikio lililozoea muziki wa dansi hutambua watu wanaopiga pamoja, kila mmoja akimsubiri mwenzake.

Ufundi wa kurekodi namna hiyo unastahili sifa zaidi ya unazopata. Mkanda ukiwa na njia chache za sauti, fundi mitambo hana nafasi kubwa ya kurekebisha baadaye, hivyo kazi hufanyika kabla. Mpiga dramu husogezwa nyuma. Amplifaya ya gitaa la besi hupunguzwa, mwimbaji huletwa karibu na maikrofoni, kisha bendi nzima hujaribu tena. Akikosea mmoja, wote wanarudia.

Kisha kuna kupanga nyimbo. Upande mmoja wa santuri hubeba takriban dakika 20. Ukizidisha, mifereji inabanana na sauti inafifia. Kwa hiyo wimbo mrefu hukatwa au huachwa, na bendi huamua upi ufungue na upi umfanye msikilizaji anyanyuke kugeuza sahani.

Tanzania ilikuwa na mafundi wa kiwango hicho. NUTA Jazz na baadaye Mlimani Park, iliyoanza 1978, walirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam bendi nzima kwa mpigo, na nyimbo zile hazijachuja. Lakini zilirekodiwa ili zirushwe hewani, moja baada ya nyingine, na mikanda ikabaki redioni. Albamu iliyopangwa kama kazi moja, tena mali ya wanamuziki wenyewe, ilikuwa adimu. Hapo majirani walitutangulia.

Siku hizi kompyuta moja yatosha kuwa studio hata Sumbawanga, na kila chombo chaweza kurekodiwa peke yake, siku yake. Ni rahisi, ila mazungumzo ya vyombo hupotea. WITCH waliporudi na Zango mwaka 2023, walikuwa wamekusanyika tena studio Lusaka. Vijana wa Ufipa wenye magitaa wafanye vivyo hivyo: wafanye mazoezi ya nyimbo nane mpaka ziive, waingie chumba kimoja, na mkanda wa mwisho wabaki nao wenyewe.