Jino la Jilfidan

Hadithi ya haramia wa baharini na mateka anayempenda ni rahisi kuiandika vibaya. Jahazi linavamiwa, binti anafungiwa chumbani mwa nahodha, kurasa mia zinapita, kisha hofu yake inabatizwa jina la mapenzi. Kazi ngumu, nayo ndiyo ninayoisifu, ni kuuonyesha upole wa bwana bila kuufuta utekaji. Fundi wa kazi hiyo tunaye: Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844 na kuchapisha kumbukumbu zake Berlin mwaka 1886, wakati huo akiitwa Emily Ruete. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi kutoka Kaukazi. Vita vilipozuka kwao, familia ilijificha chini ya ardhi. Wavamizi wakaingia, wakawaua wazazi, na wapanda farasi watatu wakabeba watoto watatu. Aliyembeba kaka alitoweka mapema. Wawili waliobaki waliongozana hadi jioni, mdogo akimlilia mama, kisha wakaachana, na Jilfidan hakusikia tena habari za ndugu zake. Salme hapigi yowe. Anapokadiria umri wa mama yake alipoingia kwa Sayyid Said, Sultani na baba yake Salme, ambaye Jilfidan alikuwa suria wake, anasema tu kwamba jino lake la kwanza la utotoni lilimng'oka humo humo nyumbani kwa bwana, hivyo huenda alikuwa na miaka saba au minane. Baadaye, katika kitabu hicho hicho, Sultani anainuka kwenda kumlaki Jilfidan kila anapomjia, heshima ambayo wachache waliipata. Mwandishi dhaifu angeyaficha ya jino ili kumlaki kupendeze.

Atasema mtu kwamba Salme si shahidi wa kuaminika: ni binti anayempenda baba yake, na kitabuni anautetea utumwa waziwazi. Kweli, na utetezi huo haukubaliki. Lakini shahidi anayetaja jambo linalodhoofisha kesi yake mwenyewe ndiye wa kusikilizwa kwa makini, na jino lile halimsaidii baba hata kidogo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba masuria wengine huenda walipenda kweli. Huenda. Ila mapenzi ya mtu asiyeweza kuondoka yana kipimo chake, na sheria ilikijua: amri ya mwaka 1897 ya kukomesha utumwa Unguja na Pemba iliwaacha masuria nje ya haki ya kudai uhuru, isipokuwa aliyethibitisha ukatili, na mlango haukufunguliwa kwao hadi 1909. Miaka kumi na miwili mtumwa wa shambani aliweza kwenda mahakamani kudai uhuru wake, suria akabaki ndani. Mwandishi anayelitupa hilo nje ya chumba cha nahodha anamnyima msomaji wake swali lenye uzito kuliko yote: je, mwanamke huyu akifunguliwa mlango, atabaki?

Wasomaji wa Arusha wanaopenda riwaya za aina hii hawalazimiki kuvuka bahari kuzipata. Katika karne ya 19 Waarusha wa miteremko ya Meru waliwavamia Wameru na Wachaga, wakateka wanawake na watoto. Wanawake wakaolewa, vijana wakaingizwa katika marika, na wote wakahesabiwa ndani ya koo za waliowateka. Huo ni utaratibu tofauti na soko la Unguja, maana mateka aligeuka jamaa na uzao wake haukuitwa mtumwa. Kwa mwandishi, hapo ndipo ugumu unapozidi, kwa sababu hakuna mnyororo wa kuonyesha; kuna shamba la migomba, ng'ombe, mume, na lugha ya kujifunza upya. Anayetaka kuiandika hadithi hiyo aanze kwa kuwauliza wazee wa Ilboru na Sokon bibi zao walitoka wapi, na aandike majina kabla hawajaondoka.