Mwaka wa Kwanza Usichume

Rubabu, mmea unaoitwa rhubarb kwa Kiingereza, inaweza kupandwa kwa mbegu, lakini anayeijua hafanyi hivyo, kwa kuwa mbegu humzalia mtoto asiyefanana na mama. Kinachopandwa ni kipande cha tunguu kilichokatwa kwa sepetu kutoka bustani ya mtu mwingine. Changu nilikipata Leeds, kaskazini mwa Uingereza, kwa kupitishiwa juu ya ua. Jirani yangu, mzee aliyeizoea rubabu tangu utoto, alikuwa amekifunga kwa gazeti bichi. Nje kilikuwa cha kahawia kama mhogo uliosahauliwa ghalani, ndani cha manjano, na kilikuwa na jicho moja la waridi lililovimba.

“Mwaka wa kwanza usichume,” aliniambia. “Wa pili, chuma kidogo.” Kisha akarudi kwenye chai yake.

Nilichimba shimo pana, nikaweka samadi iliyokwisha kuoza, nikalaza tunguu jicho lake likichungulia juu ya udongo. Ukilifukia huoza. Shina moja linataka takriban mita nzima kila upande, jambo ambalo mwezi wa Novemba huonekana kama ubadhirifu wa ardhi. Kufikia Mei majani yake yalikuwa makubwa kama masikio ya tembo, juu ya vikonyo vyekundu, vinene, vinavyong'aa. Na mimi nilikatazwa kuvigusa.

Hapo ndipo nilipoanza kuuheshimu ufundi huu, maana sehemu yake kubwa ni kujizuia. Kinacholiwa ni kikonyo, yaani mkono unaolishika jani, na jani ndilo jiko linalopikia chakula cha tunguu. Kila kikonyo unachochuma ni jiko ulilozima. Shina changa likinyang'anywa majiko yake mapema hudhoofika, na hulipa kisasi kwa miaka. Hata lililokomaa halichumwi zaidi ya nusu kwa mara moja, na ukifika mwezi wa saba mkulima mwenye busara huliacha lijiwekee akiba. Likitoa ua hulikata mara moja, ingawa ua lenyewe ni zuri. Nguvu inayokwenda kwenye mbegu imeibwa kwenye tunguu.

Kuchuma kwenyewe hakutaki kisu. Kisu huacha kigutu, nacho huoza na kuambukiza tunguu. Jirani alinionyesha: teremsha mkono hadi chini kabisa, dole gumba upande wa ndani, vuta huku ukizungusha kidogo. Kikonyo hutoka na kitako chake cheupe, kwa mlio mdogo kama wa buti likichomolewa matopeni. Jani hukatwa papo hapo na kutupwa kwenye lundo la mboji, kwa kuwa lina asidi oksaliki nyingi na ni sumu. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walishauriwa wayapike majani hayo kama mboga, na waliotii wengine waliugua.

Ila ustadi uliokithiri uko kusini kidogo ya hapa, kati ya Wakefield, Morley na Rothwell. Huko rubabu hukuzwa gizani. Inasimuliwa kwamba siri hiyo ilifichuka kwa bahati mwaka 1817 katika bustani ya mimea ya dawa ya Chelsea, London: udongo ulirundikwa juu ya matunguu wakati wa baridi, na ulipoondolewa vikakutwa vikonyo laini vya waridi. Watu wa Yorkshire, eneo lenye miji hiyo mitatu, waliigeuza bahati hiyo kuwa kazi. Makaa ya mawe ya kupashia mabanda joto yalikuwa chini ya miguu yao, na viwanda vya sufu viliwapa masalia ya nyuzi, mbolea inayooza taratibu na kutoa naitrojeni.

Matunguu hukaa shambani miaka miwili bila kuchumwa hata kikonyo kimoja. Husubiriwa yapigwe na jalidi, kwa kuwa bila baridi hayaamki sawasawa, kisha hung'olewa na kupangwa bandani, bega kwa bega, bila dirisha. Kwa joto lile tunguu huamini majira ya kuchipua yamefika, likaanza kutumia akiba yake kusukuma vikonyo vinavyoutafuta mwanga usiokuwepo. Hukua kwa kasi hata ukinyamaza unasikia machipukizi yakipasuka, pu, pu, gizani. Wachumaji huingia na mishumaa, kwani mwanga mkali ungeyageuza majani kuwa ya kijani na kukaza vikonyo. Mavuno yakiisha tunguu halina kitu tena, hutupwa.

Zamani treni iliyobeba rubabu iliondoka huko usiku wakati wa msimu kwenda London. Baada ya Vita vya Pili matunda ya nchi za joto yalifurika sokoni, ndizi zikiwa mbele, na wakulima waliokuwa zaidi ya 200 wakabaki wa kuhesabika. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya ulililinda jina la rubabu yao. Mimi mwenye shina moja ninalifunika kwa ndoo iliyopinduliwa mwezi wa pili, kisha mwaka unaofuata naliacha lipumzike.

Jikoni kuna machache ya kuangalia. Katakata pingili za urefu wa dole gumba, nyunyizia sukari, acha usiku kucha. Asubuhi zinaogelea katika maji yake, huhitaji kuongeza tone. Tangawizi ni rafiki yake wa kale. Sufuria ya alumini iepuke: asidi huila, nayo hutoka motoni ikimetameta kuliko ilivyoingia.

Mwaka wa tatu, nilipochuma bila hatia, nilikata kikonyo kibichi nikakila kwa chumvi na pilipili, kama embe bichi. Ugwadu ni ule ule, meno yakaota ukakasi. Nikampa jirani kipande juu ya ua. Alikitafuna huku amefumba jicho moja, akaingia ndani, akarudi na bakuli la sukari. Utotoni, alisema, walichovya hivi. Tukasimama pale tukibadilishana, yeye chumvi yangu, mimi sukari yake, hadi vikonyo vikaisha.