Ufundi wa Kuzitambua Seli za Neva za Utumbo

Ukuta wa utumbo wa mamalia una mitandao miwili mikuu ya neva. Mmoja, uliopewa jina la Georg Meissner, umo chini ya utando wa ndani. Wa pili, wa Leopold Auerbach, umebanwa kati ya misuli ya mviringo na misuli ya urefu. Kwa binadamu, seli za mitandao hiyo hukadiriwa kuwa mamia ya mamilioni. Katika fundo moja la neva, seli zinazohisi, zile zinazopokezana habari na wenzao na zile zinazouamuru msuli hukaa zimesongamana. Kuijua kila moja ni ufundi unaostahili sifa.

Ufundi huo huanzia mikononi. Kipande cha utumbo wa simbilisi hupasuliwa kwa urefu, huvutwa mpaka kikakaza, kisha hubanwa kwa pini ndogo, utando wa ndani ukiwa juu. Kikishahifadhiwa kwa dawa, mtaalamu huubandua utando huo, halafu tabaka lililo chini yake, halafu nyuzi za misuli ya mviringo, chache chache, kwa kibano chenye ncha kali chini ya hadubini. Hubaki utando mwembamba wa misuli ya urefu ukiwa na wavu wa Auerbach juu yake. Akivuta kwa pupa, wavu nao huchanika.

Umbo ndilo lililotangulia kusomwa. Mwishoni mwa karne ya 19, Alexander Dogiel wa Urusi alitofautisha seli zenye matawi mengi mafupi na aksoni moja ndefu, aina ya kwanza, na zenye mwili laini na nyuzi ndefu kadhaa, aina ya pili. Umeme ulifuata. Mwaka 1974, Hirst, Holman na Spence waliingiza elektrodi nyembamba katika seli za simbilisi, wakakuta nyingine hupokea ishara za haraka kutoka kwa wenzao, na nyingine, zikishafyatua msukumo mmoja, hutulia kwa sekunde kadhaa. Rangi iliyopenyezwa kwa elektrodi baadaye ilionyesha kwamba hizi za pili, kwa kawaida, ni aina ya pili ya Dogiel.

Kisha ikaja kemia. Kingamwili zenye rangi inayong'aa hunasa protini za seli na kuzifichua. Lakini hapo ndipo penye mtego. Kimeng'enya kinachotengeneza oksidi ya nitriki kimo katika seli zinazolegeza misuli, na pia katika baadhi ya seli za kupokezana habari. Kalbindini, protini inayozibainisha seli nyingi za aina ya pili kwa simbilisi, haitoshi kuzibainisha kwa binadamu. Ndiyo maana mtafiti huweka rangi kwenye msuli wenyewe na kuiacha ipande ndani ya aksoni kwa siku kadhaa, hadi ifike kwenye mwili wa seli iliyoituma aksoni hiyo.

Siku hizi jeni zinazofanya kazi ndani ya seli moja moja husomwa pia, na orodha ya aina inazidi kurefuka. Hata hivyo, kanuni haijabadilika: alama moja ni dalili tu. Seli hupewa jina pale umbo, umeme, kemia na njia ya aksoni yake vinapokubaliana.