Mkono Unaosikiliza Panjani

Ukitaka kuwahi Bugando, hospitali kubwa ya Mwanza, unapanda basi Runzewe kabla hakujapambazuka. Bwanga, Katoro, Geita, kisha daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lililofunguliwa Juni 2025 na kutuondolea foleni ya kivuko. Mtoto aliyeamshwa usiku husinzia njia nzima, na mama humwacha. Lakini wakishaingia chumba cha kipimo, mama huombwa jambo asilolitarajia: mtoto asilale.

Ombi hilo ndilo lililonifanya niipende kazi ya mpimaji. Mtu akilala, hupumua kidogo, kabonidioksidi huongezeka kwenye damu, mishipa ya ubongo hutanuka na damu hukimbia zaidi. Akilia, hupumua harakaharaka na mambo hugeuka kinyume. Homa hupandisha kasi hiyo. Kuongezewa damu huishusha. Kwa hiyo mpimaji anamtaka mtoto aliye macho, mtulivu na mzima siku hiyo. Nani amewahi kumtuliza mtoto wa miaka mitatu kwa nusu saa bila kumlaza?

Kinachopimwa ni kasi ya damu ndani ya ubongo wa mtoto mwenye sikoseli. Huku kwetu Kanda ya Ziwa ugonjwa huu si habari ya mbali. Mwaka 2020 Dk. Emmanuela Ambrose wa Bugando na wenzake walichapisha matokeo ya kupima matone ya damu ya watoto wachanga wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania: mtoto 1 katika kila 5 alikuwa amebeba jeni moja ya sikoseli, na asilimia 1.2 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Chembe nyekundu zenye umbo la mundu hukwaruza kuta za ateri kubwa za ubongo, ateri husinyaa, na damu ikifika penye wembamba hulazimika kukimbia. Ni kama mpira wa kumwagilia bustani unapoubana kwa kidole. Kukimbia huko ndiko kunakokisaliti kiharusi kabla hakijapiga.

Kasi hiyo hupimwa kwa utrasaundi, ingawa zamani iliaminika kwamba fuvu ni ukuta usioipitisha. Mwaka 1982, huko Bern, Uswisi, Mnorwe Rune Aaslid alionyesha kwamba ukishusha sauti hadi megahezi 2 na kuchagua mahali mfupa ulipo mwembamba, yaani panjani, mbele kidogo ya sikio, sauti hupenya na kurudi. Kilifi, Kenya, kifaa cha namna hiyo kilitumika miaka ya 1990 kufuatilia damu ya ubongo kwa watoto waliozimia kwa malaria.

Sasa mtazame mpimaji. Kwanza anapima upana wa kichwa kwa kifaa kama bangili iliyokatwa, ili ajue katikati ya ubongo ni wapi. Anapaka jeli panjani, anaweka kidude kinene kama kalamu ya kuandikia ubaoni, na hapo anaanza kutafuta. Hakuna picha ya mshipa. Kuna mawimbi kwenye kioo, na kuna sauti: fuu, fuu, fuu, ikienda na moyo. Anainamisha mkono kwa nyuzi chache, sauti inafifia. Anaurudisha, inanona. Anasogeza kina milimita 2, anasikiliza, milimita 2 tena. Akifika ateri inapogawanyika, anaona mawimbi mawili kwa pamoja: damu inayomjia na damu inayomkimbia. Hapo anajua yuko njia panda, na anaifuata ateri ya kati hatua kwa hatua.

Nimewaona wachenjuaji wa dhahabu kwenye mialo wakizungusha karai namna hiyohiyo, mkono ukijua kabla ya jicho.

Ugumu mkubwa wa kipimo hiki uko kwenye pembe. Sauti isipoelekea sawasawa na mkondo wa damu, mashine husoma pungufu. Makosa ya mkono karibu yote huelekea upande huo: humwambia mama kwamba mtoto yuko salama. Mpimaji mvivu hutoa habari njema. Mpimaji hodari haridhiki na namba nzuri ya kwanza. Anahangaika kutafuta iliyo kubwa kuliko zote, kulia na kushoto.

Chini ya sentimita 170 kwa sekunde ni kawaida. Kuanzia 170 hadi 199 ni tahadhari. Ikifika 200, watoto wapatao 10 katika kila 100 hupata kiharusi ndani ya mwaka wasipotibiwa. Utafiti wa Marekani uitwao STOP, uliochapishwa 1998, ulionyesha kwamba kuwaongezea damu mara kwa mara watoto wa kundi hilo hupunguza kiharusi kwa zaidi ya asilimia 90. Kwetu damu ya kila mwezi ni shida kuipata, kwa hiyo Bugando, katika utafiti wa SPHERE, waliwafundisha wahudumu wao wenyewe kupima, na watoto wenye kasi kubwa wakaanzishiwa vidonge vya haidroksiyurea. Kasi ilishuka, na iliyoisikia ikishuka ni mikono ileile.

Basi, mzazi wa Runzewe, kama mwanao ana sikoseli na umri wake ni kati ya miaka 2 na 16, ulizia kliniki kipimo hiki cha kasi ya damu ya ubongo, apimwe kila mwaka. Mpeleke akiwa hana homa, sema kama ameongezewa damu karibuni, na mkishavuka daraja mwamshe.