Heko, Wachapaji wa Kariakoo

Mama lishe anataka vipeperushi, fundi cherehani anataka kadi, kinyozi anataka bango. Wote huishia kwa mchapaji wa Kariakoo, na wengi hufika na picha iliyotumwa kwa WhatsApp tu.

Mchapaji hodari huanza na picha hiyo. Chapa safi huhitaji nukta 300 kwa inchi. Picha iliyobanwa na WhatsApp hutoka na ukungu. Kisha mchapaji huongeza milimita 3 za picha kila upande, kisu kisije kikaacha ukingo mweupe. Karatasi ya gramu 130 yatosha kipeperushi, lakini kadi hupewa gramu 300 isijikunje mfukoni. Nakala chache huzipeleka kwenye mashine ya kidijitali. Zikiwa maelfu hushauri ofseti, kwani gharama ya pleti hugawanyika.

Ila kubwa la kumpongeza ni ujasiri wa kupunguza maneno. Akiletewa msururu wa huduma, huuliza: "Mama, mtu akisoma mstari mmoja tu, ajue nini?" Hubaki jina, kazi, mahali na simu. Kisha humtaka mwenyewe aihakiki namba kwenye nakala ya majaribio, maana tarakimu moja ikikosewa, mzigo wote ni taka. Ushauri huo hauandikwi kwenye risiti, nao ndio unaoleta wateja.